Waraka Namba Tisa na Wachafuzi wa Bwawa la Sharubu

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja, na si kwamba naogopa, la hasha. Liko kwenye kamati. Lilipelekwa mwaka juzi lifanyiwe marekebisho madogo, kamati ikasafiri kwenda kujifunza nchi nyingine zinaitwaje, na mpaka leo haijarudi. Kwa hiyo kwa sasa tunaitwa "nchi yetu" tu, na tumeshazoea. Hata barua kutoka nje zinafika vizuri.

Mimi ni Somoe binti Ngwali, mpika chai wa Wizara ya Maji, Mazingira na Mambo Yanayofanana na Hayo, mwaka wa kumi na nne sasa. Usinidharau. Katibu wa vikao husikia nusu, maana nusu nyingine anaandika. Mimi nasikia yote, kwa sababu kumimina chai mikono yangu inajua yenyewe. Na naipenda serikali yangu. Hao wanaosema serikali haifanyi kazi hawajawahi kuosha vyombo vyake.

Ngoja nianze na ule waraka, maana bila waraka utasema Somoe kalewa.

Siku moja Mheshimiwa Waziri wetu, Wenseslaus Kirumbi, alikwenda kufungua darasa jipya la shule. Akakuta ubaoni mwalimu kaandika ngeli: kijiko, vijiko. Kiatu, viatu. Kiongozi, viongozi. Mheshimiwa akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Kiongozi, chini ya kiatu! Mkasi wa utepe ukamponyoka mkononi. Alirudi ofisini bila kugusa pilau waliyomwandalia, akamwita Afisa Lugha Mkuu, Mwalimu Exaveri Nyato, mzee mmoja mpole anayevaa tai hata Jumapili.

"Mwalimu, nani aliniweka mimi na kijiko?"

"Mheshimiwa, hiyo ni ngeli tu. Umbo ni la KI-VI, lakini upatanisho ni wa watu. Tunasema kiongozi amefika, hatusemi kiongozi kimefika."

"Kwa hiyo kwa jina mimi ni kijiko, ila kwa kitenzi ni mtu?"

"Ukipenda kuliweka hivyo, Mheshimiwa..."

"Sipendi! Lifute."

Mwalimu Nyato alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Akafuta. Ndipo ulipotoka Waraka Namba Tisa wa Lugha ya Heshima, kwamba ki- na vi- ni viambishi vya dharau, ushahidi ukiwa ni kijitu, kizee na kijibwa, na kwamba katika maandishi yote ya serikali maneno ya namna hiyo yatahamishiwa ngeli ya watu, haraka na bila upendeleo. Viongozi wakawa waongozi. Vijana wakawa wajana. Mimi niliyekuwa naagiza vitumbua vya chai ya saa nne nikalazimika kuandika "watumbua kumi na wawili", na wakaguzi wakaja juu kuuliza hao watumbua wanaoingia wizarani kila asubuhi wanamtumbua nani, na kwa ruhusa ya nani. Vikombe wakawa wakombe. Kimoja kilipovunjika nilijaza fomu ya msiba.

Sasa twende bwawani.

Mimi nakaa Mtaa wa Sharubu, bondeni. Bwawa letu lina kambale, na kambale wana sharubu, ndiyo maana ya jina. Juu yetu kuna Mlima wa Waongozi, wanakokaa wakubwa. Kila nyumba kule ina bomba lake la maji machafu, na mabomba yote yanatokeza kwenye genge la mlima, juu ya bwawa letu. Kila bomba limepakwa rangi na kuandikwa namba ya nyumba, kwa agizo la Mheshimiwa mwenyewe, maana kulikuwa na ubishi wa nani ana bomba pana. Pana kuliko yote ni la nyumba namba moja, nyumba yake. Mbuzi anaingia bila kuinama.

Maji hayo yakishatua bwawani, kuna pampu ya serikali inayachuja mchanga na kuyapandisha tena mlimani kwenye matangi ya wakubwa. Sisi wa bondeni tunachota kisima kilicho kando, ambacho kinajazwa na mfereji kutoka bwawani. Kwa kifupi, tunakunywa pamoja. Sema tu wao walikuwa hawajui.

Mwaka jana yakaanza mambo. Kambale wakawa wanalala. Mchana kweupe, tumbo juu, wanaelea. Akina mama wakawa wanawaokota kwa mkono wanatia kwenye ndoo, na wengine waliamka wakiwa tayari kwenye sufuria, ikawa vurugu jikoni. Majogoo wakaacha kuwika, ikifika alfajiri wanatazamana tu. Vyura kimya. Waliokuwa wanafua nguo bwawani wakaanza kuwa weupe mikono mpaka kwenye viwiko, na bibi mmoja mwenye mgongo mbovu akasema akioga pale mgongo unaacha kuuma siku tatu. Watu walifurahi, nisikufiche. Kulikuwa na mazungumzo ya kulifanya bwawa kivutio.

Aliyekataa kufurahi ni shoga yangu Sikudhani Mbaruku. Sikudhani alifanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini, kastaafu, lakini macho hayajastaafu. Akajaza chupa maji ya bwawa, akawapelekea wenzake wa zamani wenye mashine kubwa. Siku aliporudi alinikuta nachambua mchele.

"Shoga, lile si bwawa, lile ni duka la dawa. Dawa za usingizi zimo. Za maumivu zimo. Za kuzuia mimba, krimu za kujichubua, zimo."

"Nani kazitupa?"

"Hakuna aliyetupa. Watu wa mlimani wanameza, mwili unachukua chake, kinachobaki kinateremka bombani. Zamani hakuna aliyekuwa anavipima. Wenyewe wanaviita vichafuzi vipya. Vilikuwepo siku zote, ila ndiyo kwanza vinajulikana."

"Na dawa yake?"

"Wee! Usiseme dawa. Dawa ndiyo ugonjwa wenyewe."

Alichofanya Sikudhani kilinichekesha. Alikwenda kwenye magogo yanayooza akakusanya uyoga. Akachukua matenga thelathini, akajaza maranda ya mbao na mabua ya mahindi, akaupandikiza uyoga humo, kisha akayapanga matenga yote kwenye ule mfereji wa kisima. Chini akaweka kokoto zenye utelezi, akasema ule utelezi ni vijidudu, tena vyema, visisuguliwe. Mwishoni akapanda matete. "Uyoga unaoweza kutafuna gogo la mninga," akaniambia, "hauwezi kushindwa na kidonge. Unatema maji yake makali, unakivunjavunja, unakila. Ila nyie msiule huo uyoga, tafadhali. Huo uko kazini."

Mwezi wa tatu tangu apange matenga akapima maji ya kisima. Safi. Chura wa kwanza alilia siku ya Jumatano, na jogoo wa jirani aliyekuwa anakunywa pale aliwika saa saba mchana, akaendelea mpaka saa kumi, nadhani alikuwa analipia ya nyuma. Nami sikucheka tena. Binti yangu Rehani alikuwa na mimba ya miezi saba, amerudi kwangu kujifungulia, na maji aliyokuwa anakunywa ni ya kisima kile. Kila nikimwona anainua kata mdomoni, usiku wake nilikuwa silali. Sasa nikaanza kulala.

Basi Sikudhani, kwa wema wake, akafanya kosa moja. Aliiandikia serikali barua.

Barua yenyewe nilikuja kuiona, ilikuwa nzuri na fupi. Alisema: "Bwawani mmeingia vichafuzi vipya ambavyo bado havijatambuliwa. Vinatoka mlimani. Havionekani kwa macho, na ni vingi mno, maelfu kwa maelfu. Naomba serikali ivitambue. Kwa sasa natumia uyoga na vijidudu, ambavyo huvila kidogo kidogo mpaka vinakwisha."

Kwa utaratibu wetu, barua haimfikii Waziri mpaka ipite kwa Mwalimu Nyato kuondolewa dharau. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu na Waraka Namba Tisa. Alipomaliza, barua iliyofika mezani kwa Mheshimiwa ilisomeka hivi, na naikumbuka kwa sababu ilisomwa kwa sauti mimi nikigawa tangawizi:

"Bwawani wameingia Wachafuzi wapya ambao bado hawajatambuliwa. Wanatoka mlimani. Hawaonekani kwa macho, na ni wengi mno, maelfu kwa maelfu. Naomba serikali iwatambue. Kwa sasa natumia uyoga na wadudu, ambao huwala kidogo kidogo mpaka wanakwisha."

Kikao kizima kikaacha kutafuna watumbua. Hata mimi birika lilisimama hewani.

"Wanaliwa?" akauliza Mheshimiwa.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mheshimiwa," akasema Mwalimu Nyato, akiangalia tai yake.

"Hawa Wachafuzi ni kabila gani? Mbona siwajui?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wizarani kwetu kutojua kitu ambacho Waziri hajui ni nidhamu. Mheshimiwa akainuka akaenda dirishani, akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya redioni.

"Ndugu zangu. Watu maelfu kwa maelfu wameishi chini ya pua zetu, hawajatambuliwa. Hawajawahi kuandamana. Hawajawahi kudai barabara. Hawaonekani hata kwa macho! Wamekaa majini, kimya, wanaliwa, na hawakulalamika. Ninyi mmewahi kupata wananchi wa namna hiyo?"

"Hatujawahi, Mheshimiwa!"

"Na uchaguzi ni lini?"

"Miezi minne, Mheshimiwa."

"Sharubu nilipata kura ngapi mara ya mwisho?"

Katibu akapekua makaratasi. "Kumi na moja, Mheshimiwa. Tukiondoa dereva wako na walinzi, mbili."

Palepale likatolewa azimio. Serikali inawatambua Wachafuzi, inatambua mchango wao, na itawaandikisha kupiga kura Jumamosi, saa nne asubuhi, pale pale bwawani. Na ili Wachafuzi wajue serikali imefika, yale matenga ya uyoga yanayowala yatachomwa moto mbele yao, mara tu baada ya hotuba. Makofi yalipigwa mpaka wakombe wakatikisika. Mimi nilipiga pia, kwa mazoea. Nilipofika jikoni ndipo akili ilipofika, nikaketi juu ya debe la sukari, nikamwona kichwani Rehani na kata yake.

Siku iliyofuata akaja Sajini Lutengano kwa Sikudhani, na pingu mbili na daftari. Alipewa amri ya kukamata mtuhumiwa mmojawapo kwa ajili ya ushahidi, akaondoka na tenga moja la uyoga akiwa amelikumbatia. Kituoni akalitia mahabusu, akaandika: "Mtuhumiwa amesomewa haki zake. Anakataa kutaja jina." Kwa uaminifu wake akawa analinyunyizia maji asubuhi na jioni, kwa kuwa sheria inasema mahabusu apewe maji. Uyoga ukapenda. Baada ya siku mbili ulikuwa umetoka kwenye tenga umepanda benchi, na kwenye daftari la matukio ikaongezwa: "Mtuhumiwa amezaliana."

Mimi nikamwambia Sikudhani, twende ukamweleze Waziri kwa mdomo wako. Nikampa kanga yangu ya kazini na sinia la pili, tukapita getini tukiwa wapika chai wawili.

"Mheshimiwa," akasema Sikudhani akiweka sinia, "shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika ile barua. Wale si watu, baba. Ni vidonge."

"Wadonge," akarekebisha Mwalimu Nyato kutoka kwenye kona.

"Haya, ni wadonge."

Mheshimiwa akafurahi mpaka akashika meza. "Kumbe hata ukoo wanao! Wachafuzi wa ukoo wa Wadonge. Andika hapo, Katibu."

"Mheshimiwa, nisikilize," Sikudhani akasema kwa uso wa kulia. "Chonde chonde. Yale matenga mkiyachoma, kisima kinarudi kilivyokuwa. Kuna kaya mia mbili zinakunywa pale. Kuna wenye mimba."

"Mama," akasema Mheshimiwa, kwa upole kabisa, "naelewa uchungu wako. Mwenyeji akiona wageni wengi huingiwa na wasiwasi. Lakini kula wenzako si suluhisho." Halafu akakumbuka jambo. "Wewe unawafahamu hawa watu. Hawaonekani, na maafisa wangu hawana namna ya kuwaandikisha. Utajaza wewe daftari."

Akapewa fomu. Ilikuwa ile ile ya wapiga kura wote: Jina. Kazi anayofanya. Makao aliyotoka. Jina la mwenyeji wake. Sikudhani akaisoma taratibu, kutoka juu mpaka chini. Mimi namjua tangu tukiwa wasichana. Nikaona ule uso wa kulia unaondoka, unakuja ule wa maabara.

"Niijaze yote, Mheshimiwa? Bila kuruka?"

"Usiruke hata mstari mmoja. Serikali yangu ni ya uwazi."

"Na itasomwa?"

"Itasomwa hadharani, kwa kipaza sauti! Mwalimu Nyato ndiye atakayesoma, ili pasiwe na dharau."

Tulipotoka nje nikamkamata mkono. "Sikudhani, umekubali? Unawasaidia kutuua?"

"Shoga," akasema, "mimi nimeambiwa nijaze fomu. Miaka thelathini serikalini sijawahi kukosea fomu. Nisaidie kubeba chupa."

Na kweli, siku tatu tulizunguka chini ya genge na chupa tupu, moja kwa kila bomba, yeye anaandika namba ya nyumba juu ya kifuniko. Wenzake wa mashine walikesha nazo. Ijumaa jioni daftari lilikuwa limejaa, mwandiko wa kuviringa, kurasa arobaini. Sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza kama Waziri atasikiliza hata huo ukurasa wa kwanza kabla ya kuwasha kiberiti.

Jumamosi bwawani palifungwa mahema mawili. Moja la waongozi na wake zao, lenye viti vya kitambaa. Moja tupu, lililoelekezwa majini, la Wachafuzi. Sisi wa mtaa tulisimama juani. Matenga ishirini na tisa yalikuwa yamerundikwa kando ya mfereji, yamemwagiwa mafuta ya taa mstari mmoja wa kuanzishia moto, na Sajini Lutengano kashika kiberiti. Sikudhani alikuwa amesimama jirani kabisa na matenga yake, mikono kaikunja, Rehani wangu yuko upande wake wa pili. Nilimkataza asije, akaja.

Mheshimiwa alisogea ukingoni, akawageukia kambale.

"Ndugu Wachafuzi! Itifaki imezingatiwa. Mmeteseka vya kutosha. Kuanzia leo hakuna atakayewaita wageni. Bwawa hili ni lenu! Nawaona mmekaa kwa utulivu, na utulivu huu ni fundisho kwa wakazi wengine wa bonde hili wanaopenda kupiga kelele kuhusu maji. Kama kuna asiyenikubali, aseme sasa."

Bwawa likanyamaza.

"Nimepita bila kupingwa!" Makofi kutoka hemani. "Mwalimu, soma daftari. Tukimaliza tunawasha moto."

Mwalimu Nyato akavaa miwani. Akafungua. Namsifu kwa kitu kimoja, ana sauti safi, kila herufi unaisikia mpaka ng'ambo ya bwawa.

"Ukurasa wa kwanza. Jina: Mlaza-Usingizi. Kazi: kumlaza mtu mchana. Makao aliyotoka: bomba la nyumba namba saba. Mwenyeji: Mheshimiwa Jaji Mkuu."

Watu wakageuza shingo. Jaji Mkuu, ambaye nchi nzima inajua huwa anatoa hukumu akiwa amefumba macho, akaangalia angani. Upande wetu wa juani mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Wa pili. Jina: Mng'arisha-Ngozi. Kazi: kuchubua. Makao: bomba la nyumba namba mbili. Mwenyeji: Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni na Fahari ya Uasilia."

Hapo hakuna aliyejizuia. Mama mmoja karibu yangu alikaa chini kabisa. Waziri wa Utamaduni akafungua mwavuli, ingawa alikuwa hemani.

"Wa tatu. Jina: Mtuliza-Wasiwasi. Kazi: kumwondolea mtu hofu ya mkaguzi. Makao: mabomba ya nyumba namba tatu, nne, tano, sita, nane na tisa."

"Mwalimu," akasema Mheshimiwa, "tusome kwa muhtasari."

"Waraka unanitaka nisiruke mtu, Mheshimiwa. Kumruka ni kumdharau." Sijui mpaka leo kama mzee yule alikuwa anamaanisha. Alibakiza wiki mbili kustaafu wakati huo, na mtu wa wiki mbili humwelewi. "Wa nne. Hawa ndio wengi kuliko wote, idadi yao haijakamilika kuhesabiwa. Jina: Mwongeza-Nguvu. Kazi: kumsimamisha mwanamume mahali aliposhindwa mwenyewe. Makao: bomba la nyumba namba moja. Mwenyeji..."

"Zima!" akapiga kelele Mheshimiwa. "Zima chombo hicho!"

Fundi mitambo akazima.  Na kabla watu hawajaanza kucheka, kutoka kiti cha mbele, mke wa Mheshimiwa akasema, si kwa kelele, kwa kuuliza tu:

"Kirumbi. Hizo nguvu unazipeleka wapi?"

Jamani. Nimehudhuria sherehe kumi na nne za uhuru, sijawahi kuona umma ukishangilia namna ile. Watu walikumbatiana. Sajini Lutengano alicheka mpaka kiberiti kikaanguka kwenye maji, na Sikudhani, ambaye kwa siku tatu hakutabasamu, alimshika Rehani begani akacheka huku machozi yanamtoka.

Mheshimiwa alikuwa na kurasa thelathini na tisa mbele yake, na mke pembeni. Akachukua hatua haraka, kama kiongozi. Samahani, kama mwongozi.

"Ndugu wananchi!" akaanza tena, bila kipaza sauti. "Serikali imepata taarifa mpya. Hawa wanaojiita Wachafuzi si raia. Ni wavamizi! Waongo, wazushi, wanasingizia nyumba za watu. Serikali haiwatambui, haijawahi kuwatambua, na inawataka waondoke nchini mara moja!"

"Hawana miguu, Mheshimiwa," akasema Sikudhani.

"Basi waliwe! Hao uyoga wako wanakula kwa kasi gani?"

"Kwa matenga thelathini, wanamudu kisima tu. Kwa bwawa zima nahitaji mia tatu. Na maranda."

"Lete mia tatu! Sajini, mwachie mahabusu! Na hilo daftari, lichomwe."

Daftari likakosa kiberiti, kwa hiyo likatupwa kwenye tenga la karibu. Sikudhani anasema karatasi ni mbao tu, uyoga uliimaliza ndani ya wiki sita, kurasa zote arobaini, pamoja na jalada. Yule mahabusu naye aliachiwa siku hiyo hiyo, ila ilibidi waje na msumeno, kwa sababu alikuwa hatengani tena na benchi.

Taarifa rasmi ya wizara, niliyoisikia nikigawa chai Jumatatu, inasema Bwawa la Sharubu halina wachafuzi na halijawahi kuwa nao, na kwamba matenga mia tatu yaliyowekwa pale ni mapambo. Mwalimu Nyato aliisoma, hakuona dharau yoyote, akaigonga mhuri. Mimi sikubishana. Mapambo na yawe mapambo, mradi vyura wanapiga kelele.

Lakini kuna jambo ambalo wizara haikulifikiria. Watu wa mlimani walikuwa wamesikia. Na wao pia maji yao yanatoka bwawani. Jaji Mkuu akajua alichokuwa anakunywa kutoka nyumba namba moja, na namba moja akajua anachokunywa kutoka namba saba, ikafika mahali mlima mzima wakawa wanatazamana glasi mezani na hakuna anayeanza. Bwawa zima lilihitaji miezi kusafika. Maji yaliyokuwa safi siku hizo, na kila mtu alijua, ni ya kisima kimoja tu.

Walianza kuwatuma madereva. Sikudhani akawarudisha wote na madumu yao matupu. "Maji hayakatazwi," aliwaambia, "lakini kisima ni kidogo. Ndoo moja, mtu mmoja, mwenyewe. Bwana wako akiwa na kiu, anajua njia. Mabomba yake yanaijua siku nyingi."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kuchota kabla ya kazi. Rehani alikuwa amejifungua siku mbili nyuma, mtoto wa kike, mzima, na mwenye kelele. Nilihitaji maji ya kumwogesha. Foleni ilikuwa ndefu, na ilipofika nusu nikasikia nyuma yangu watu wananong'ona. Nikageuka. Mheshimiwa Wenseslaus Kirumbi, suruali kaikunja, ndoo mpya ya buluu mkononi, bado ina kibandiko cha dukani.

Akaja moja kwa moja mpaka mbele, kwa mazoea. Sikudhani hakuinua hata macho kutoka kwenye kamba ya kuchotea.

"Foleni inaanzia kule, baba."

Akatazama huku na huku, akitafuta mtu wa itifaki. Hakuna. Akaanza kurudi nyuma taratibu, akitazama nyuso moja moja, mpaka akafika kwangu. Akasimama. Akanitolea kile kicheko kidogo anachonitolea kwenye vikao akitaka kikombe cha pili.

Miaka kumi na nne sijawahi kumnyima.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikamwambia, kwa heshima zote. Kisha nikageuka mbele, nikasogeza ndoo yangu hatua moja.